Unda Pikipiki kwa Ajili ya Pale Utakapokwama

Hotuba hii niliitoa mbele ya waendeshaji na mafundi wa pikipiki za porini. Naiweka hapa nzima kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha, na pale nilipokuwa nikionyesha kwa mikono nimejaribu kueleza kwa maneno.

Wazee wangu, mafundi wenzangu, na ninyi vijana mliokuja na kofia zenu ngumu mikononi, habari za asubuhi. Nashukuru kwa kuniita. Nimeombwa nizungumze juu ya kuunda pikipiki nyepesi ya mipigo miwili, hii tunayoiita tustroki, kwa ajili ya njia za porini. Sikuja kuzungumza juu ya pikipiki ya mashindano wala ya barabarani. Nazungumzia ile ya kupita kwenye mawe, mizizi, matope na vijito, kutwa nzima, na kurudi nayo nyumbani.

Naanza na swali, kila mtu ajijibu moyoni. Mara ya mwisho ulipoingia porini, ulichokea wapi? Ulichoka ukiwa gia ya tano, upepo ukikupiga kifuani? Au ulichoka pale kwenye kilima cha mawe, gurudumu la nyuma limezama, injini imezima, mguu mmoja unaitafuta ardhi na hauipati?

Naona mnacheka. Basi jibu mnalijua.

Miaka mingi iliyopita nilikuwa na pikipiki yenye nguvu kuliko zote katika msafara wetu. Ilikuwa ya mashindano, nami niliipenda kwa jinsi ilivyoruka ukiigusa akseleta. Siku moja tulifika kwenye kilima chembamba, mizizi imetanda na utelezi juu yake. Nikapanda theluthi mbili, ikazima. Nikajaribu kuigeuza, ikanilalia. Nikaiinua, ikanilalia tena. Mara ya nne vidole vilikuwa vikitetemeka, hata klachi siwezi kuibana. Nyuma yangu alikuwa mzee mmoja na tustroki yake chakavu, iliyopakwa rangi kwa brashi. Naye akazima, karibu palepale. Akashuka, mkono mmoja kwenye usukani, wa pili kwenye mkia, akaizungusha kama mtu anayegeuza kiti. Akateremka hatua chache, akaanza upya taratibu, akanipita. Kule juu alinisubiri. Nilipofika, wala hakunitambia. Aliniambia: "Mwanangu, wewe umeunda pikipiki ya pale unapokimbia. Mimi nimeunda ya pale ninapokwama."

Tangu siku hiyo, kila ninaposhika spana, najiuliza swali moja. Kifaa hiki kitanisaidia nini pale nitakapokwama? Kama hakinisaidii pale, hata king'ae namna gani, hakipandi kwenye fremu yangu.

Sasa, kwa nini mipigo miwili? Kijana mmoja aliniuliza hivyo nje hapo, na swali lake ni la haki.

Injini ya mipigo minne huwaka mara moja kwa kila mizunguko miwili ya krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni. Ya mipigo miwili huwaka kila mzunguko. Haina kemshafti, ule mhimili unaofungua vali, haina cheni ya kemu, haina zile vali za juu wala springi zake. Pistoni yenyewe ndiyo mlango: ikishuka inafungua matundu ya silinda, ikipanda inayafunga. Mwingereza Joseph Day, wa mji wa Bath, ndiye aliyetuachia, mwishoni mwa karne ya 19, wazo la kuitumia nyumba ya krenki kama pampu ya kusukuma hewa na petroli kwenda juu. Hadi leo injini zetu hupumua hivyo. Hesabuni wenyewe vyuma vilivyoondoka. Kisha angalieni vilikuwa wapi. Vilikuwa juu! Na juu ndipo mahali pabaya kuliko pote pa kuweka uzito kwenye kitu kinachosimama kwa magurudumu mawili.

Kuna habari moja ninayoipenda sana. Sammy Miller, bingwa kutoka Belfast wa yale mashindano ya kupita kwenye mawe na mito bila kuweka mguu chini, alijulikana kwa pikipiki yake ya Ariel, sentimita za ujazo 500, mipigo minne. Aliichonga, akaibadilisha vyuma, akaipunguza gramu kwa gramu kwa miaka. Kisha mwaka 1964 akahamia Bultaco ya Hispania, akasaidia kuunda Sherpa, mipigo miwili, sentimita za ujazo 244. Mwaka 1965 akashinda nayo Scottish Six Days Trial, mashindano ya siku sita kwenye milima ya Uskochi. Mtu mwenye mashine iliyomshindia mataji, anayeijua hadi nati ya mwisho, anaiacha kwa nini? Mimi naamini ni kwa sababu kile alichokuwa akikitafuta kwa msumeno na tupa, injini ndogo ilikileta yenyewe.

Nasi tusiishie kuileta injini ndogo kisha tukaipakia mizigo. Hapo naingia kwenye uzito wenyewe.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Uzito ulioandikwa kwenye karatasi ya mauzo ni mzigo wa mwenzio. Mara nyingi umepimwa bila petroli, na pengine bila vimiminika vingine. Wewe ndiye utakayeubeba kwenye matope. Kwa hiyo jambo la kwanza, kabla ya kununua chochote, pata mizani. Fungua pikipiki yote, pima kila kitu, andika kwenye daftari. Nasema kila kitu: stendi, taa, betri, egzosi, silensa, kiti, mabano ya chuma ambayo hakuna anayejua yanashika nini.

Nimewaona vijana wakianza na bolti za titani. Titani ni nzuri, sikatai. Sentimita moja ya ujazo ya chuma ina gramu karibu 7.8, titani 4.5, aluminiamu 2.7. Lakini bolti zote za pikipiki ukizibadilisha, umeokoa kiasi gani? Nilifanya hivyo mimi mwenyewe, nikaokoa chini ya nusu kilo, na siku hiyohiyo nikafunga mfuko wa spana wa kilo tatu juu ya madigadi ya nyuma. Kilo tatu, mwisho kabisa wa mkia, juu kabisa! Kila nilipotaka kuizungusha nilikuwa nazungusha nyundo. Siku nilipouhamishia ule mfuko chini ya kiti, na nusu ya spana nikaziacha nyumbani, nilihisi kana kwamba nimebadilisha pikipiki.

Kwa hiyo usiulize tu "ni kilo ngapi?" Uliza "ziko wapi?" Kilo moja kwenye rimu na tairi si sawa na kilo moja kwenye fremu. Ile ya kwenye gurudumu inazunguka, na pia inarukaruka na kila jiwe, na shokapu ndiyo inayopigana nayo. Kilo iliyo juu ya tangi si sawa na iliyo chini ya miguu. Petroli yenyewe, lita moja ni karibu robo tatu ya kilo. Tangi la lita tisa likijaa ni kilo sita na zaidi, juu, mbele ya tumbo lako. Kama safari ya leo inataka lita tano, weka sita. Hapo umepunguza kilo mbili bila kununua kitu.

Bandu bandu huisha gogo, lakini anza na gogo kabla ya bandu. Silensa ya chuma ibadilishe kwa ya aluminiamu. Kama injini yako huwashwa kwa kiki na haina stata, betri ya nini? Tyubu nene za kuzuia kubanwa na mawe ni nzito, lakini porini nazivumilia, kwa sababu tyubu nyembamba ikipasuka mbali na nyumbani utaisukuma pikipiki yote. Ule uzito unalipa pale utakapokwama, basi unakaa.

Na sasa nasema kwa sauti, walioko nyuma wasikie: ekseli, bolti za breki na pini ya kushikia ule mkono wa fremu unaobeba gurudumu la nyuma, hizo usizichezee. Zibaki za chuma kama zilivyotoka kiwandani. Hakuna gramu iliyo na thamani ya uti wa mgongo.

Haya, tuje kwenye injini. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanapounda kinyume na wanachokihitaji.

Miaka ya 1950, kule MZ, kiwanda cha pikipiki cha Ujerumani Mashariki, mhandisi Walter Kaaden alifanya kazi kubwa sana juu ya egzosi ya mipigo miwili. Mnaijua ile egzosi inayotanuka tumbo halafu ikasinyaa. Lile tumbo si pambo. Moshi ukitoka, unatuma wimbi la msukumo ndani ya bomba. Wimbi likifika penye kutanuka, linarudisha mvuto unaosaidia kusafisha silinda. Likifika penye kusinyaa, linarudi kama mkono na kurudisha ndani ile hewa na petroli iliyotaka kutoroka, kabla pistoni haijafunga tundu. Bomba la bati tu, halina kitu kinachozunguka ndani yake, nalo linafanya kazi ya pampu! Mwaka 1961 injini yake ya sentimita za ujazo 125 ilikuwa imefika nguvu za farasi 25, yaani 200 kwa lita. Mwaka huohuo mwendeshaji wake Ernst Degner akakimbilia Magharibi, akaenda Suzuki na yale aliyoyajua, na mwaka 1962 akawa bingwa wa dunia wa daraja la sentimita za ujazo 50.

Kwa nini nawasimulia haya? Kwa sababu wimbi lile lina saa yake. Bomba likiundwa ili wimbi lirudi wakati mwafaka injini ikiwa mizunguko 10,000 kwa dakika, basi kwenye mizunguko 3,000 linarudi wakati usiofaa, na injini inakuwa kama mtu anayekohoa. Na wewe kwenye kilima cha mawe, injini yako inazunguka mara ngapi kwa dakika? Elfu mbili, tatu, nne. Hapo ndipo unapoishi. Ukimwona mtu amefunga egzosi ya mashindano kwenye pikipiki ya porini, mwulize kwa upole: nguvu hiyo utaikuta wapi?

Kwa njia za porini chagua bomba linalofanya kazi chini. Kwa kawaida ni refu zaidi na linatanuka taratibu. Tundu la kutolea moshi kwenye silinda usilichonge liende juu. Narudia, usilichonge! Silinda ukishaichonga haina kurudi. Nimewahi kuharibu silinda nzima namna hiyo nikiwa kijana, tupa mkononi na kiburi kichwani, na injini ile haikuvuta tena chini ya nusu ya akseleta.

Kitu cha pili kitawashangaza. Nimekuwa nikihubiri wepesi, sasa nasema ongeza uzito. Wapi? Kwenye flaiwili, lile gurudumu zito linalozunguka pamoja na krenki. Gramu mia mbili au tatu pale kwenye ncha ya krenki hubadilisha tabia ya injini yote. Flaiwili nzito hushikilia mzunguko. Gurudumu likigonga mzizi, injini haizimi ghafla, na likipata utelezi, halizunguki bure ghafla. Mkono wa klachi unapumzika. Ni uzito mdogo, uko chini, katikati ya pikipiki, na unafanya kazi palepale unapokwama. Kati ya mabadiliko yote niliyowahi kufanya kwenye tustroki, hili ndilo ningelifanya kwanza.

Tatu, gia. Ukipunguza jino moja kwenye sproketi ya mbele, ni sawasawa na kuongeza matatu au manne nyuma. Ukiwa na 14 mbele na 50 nyuma, mzunguko mmoja wa gurudumu unataka mizunguko 3.57 ya sproketi ya mbele. Weka 13, inakuwa 3.85. Kwa sproketi ndogo tu umepata gia ya kwanza inayotembea polepole kama mtu anayetafuta sindano. Na kama unatafuta injini ya kuanzia, chukua yenye gia zilizoachana, ya kwanza fupi na ya mwisho ndefu. Injini za mashindano ya uwanjani gia zake zimebanana, na gia ya kwanza inakimbia mno.

Mafundi, ninyi naomba dakika moja. Pengo kati ya pistoni na ukingo wa hedi, kile kifuniko cha silinda, pistoni ikiwa juu kabisa, mnalipima? Wengi hawapimi. Chukua waya laini wa kulehemu, ingiza kupitia tundu la plagi hadi uguse ukuta wa silinda, upande wa pini ya pistoni. Zungusha krenki kwa mkono hadi pistoni ipite juu. Toa waya, pima pale palipobanwa, kisha fanya vivyo hivyo upande wa pili. Mimi kwa injini ya 250 nalenga kati ya milimita 1.1 na 1.4. Likizidi sana, mchanganyiko wa ukingoni hauwaki vizuri na injini hugonga. Likipungua sana, chuma kikipata moto kitakutana na chuma. Gasketi ya chini ya silinda huuzwa kwa unene tofauti, na hiyo ndiyo njia salama ya kurekebisha.

Pistoni mpya, ringi mpya, klipu mpya. Klipu ya pini haitumiki mara mbili, hata kama inaonekana nzima. Ringi ingiza peke yake ndani ya silinda, isukume na pistoni ili ikae sawa, upime pengo la ncha zake. Silinda ya milimita 66, tarajia karibu milimita 0.27, lakini kitabu cha injini yako ndicho chenye neno la mwisho. Mshale wa pistoni uelekee tundu la moshi. Na silinda iliyopakwa Nikasil, ule utando mgumu wa ndani, haichongwi kuongezwa ukubwa kama ile yenye shati la chuma. Ikiharibika inapakwa upya na wenye mitambo ya kazi hiyo.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma zaidi, maana ndilo linaloua injini nyingi nzuri. Hewa inayoingia pasipo ruhusa.

Mwenzangu mmoja alinoki injini, yaani pistoni ilishikana na silinda, mara tatu katika msimu mmoja. Mara tatu! Kila mara pistoni ilikwaruzika upande wa tundu la moshi. Mara ya kwanza akalaumu oili. Mara ya pili akaweka jeti kubwa zaidi, kile kitundu cha kupitishia petroli, kwenye kabureta. Mara ya tatu alikata tamaa, akataka kuiuza kama vyuma chakavu. Nikamwomba aniachie siku mbili. Nikatoa kabureta, nikaziba mdomo inapokaa na tundu la moshi kwa mipira, nikajaza upepo wa psi 6, kipimo kilekile cha upepo wa tairi, kwa pampu ya mkono yenye geji, nikakaa kuitazama. Sindano ya geji ilikuwa inashuka mbele ya macho yangu. Nikapaka maji ya sabuni kila kiungio. Palipo na flaiwili, kwenye sili ya krenki, ile pete ya mpira ya kuzuia kuvuja, povu likaanza kuchemka. Sili moja, nyepesi kuliko pete ya kidoleni, ilikuwa imekauka mdomo. Injini ilikuwa inavuta hewa pale kila mzunguko, mchanganyiko unakosa petroli, joto linapanda, pistoni inavimba.

Kumbukeni nilivyowaambia, nyumba ya krenki ni pampu. Pampu inayovuja inafaa nini? Sili ya upande wa flaiwili ikifa, injini inavuta hewa. Utaona mzunguko wa chini unapanda wenyewe, au injini inachelewa kushuka ukiachia akseleta. Sili ya upande wa klachi ikifa, inavuta oili ya gia, utaona moshi mweupe mzito na oili ya gia inapungua bila kudondoka chini. Badilisha sili zote mbili unapounda. Kisha pima kwa upepo kabla ya kuwasha. Psi 6, ikae dakika kadhaa bila kushuka. Nimeshamwambia kila kijana anayefanya kazi na mimi: injini ambayo haijapimwa kwa upepo bado haijamaliza kuundwa.

Oili kwenye petroli. Hapa huwa pana ugomvi, nami sitauendeleza sana. Oili moja kwa petroli 40 ni mililita 25 kwa lita, moja kwa 50 ni mililita 20. Fuata alichosema aliyetengeneza injini, tumia oili nzuri ya mipigo miwili, pima kwa chombo chenye alama, usikisie kwa kifuniko. Ila kuna kosa moja nitalisahihisha. Watu husema ukiongeza oili unafanya mchanganyiko uwe mzito, yaani uwe na petroli nyingi zaidi. Sivyo. Oili inachukua nafasi ya petroli kupita kwenye jeti, kwa hiyo petroli inapungua. Ukibadilisha kiasi cha oili, itazame tena plagi.

Na kabureta isikutishe. Jeti ndogo ndiyo yenye neno kuanzia kuachia hadi robo ya akseleta. Sindano inashika kuanzia robo hadi robo tatu. Jeti kubwa ni kuanzia hapo hadi mwisho. Sasa niambieni, porini ni nani anayefika mwisho? Watu wanahangaika na jeti kubwa siku nzima, na maisha yao yote yako kwenye jeti ndogo na sindano. Ukipanda milima mirefu hewa inakuwa nyepesi, petroli inazidi, injini inakohoa moshi; hapo punguza jeti. Ukishuka tena hadi usawa wa chini, zirudishe. Usisahau kuzirudisha.

Kushuka kunanikumbusha kitu. Siku moja tulishuka mteremko mrefu sana. Nilikuwa nimeachia akseleta kabisa, gia ya pili, injini inanizuia isikimbie, nami nimeridhika kwamba nahifadhi breki. Karibu na chini, gurudumu la nyuma likajifunga ghafla kama mtu ametia mti kwenye spoku. Injini ilikuwa imenoki. Kwa nini? Oili inaingia pamoja na petroli. Akseleta ikifungwa, petroli inakuja kidogo mno, na oili vivyo hivyo, lakini krenki bado inazunguka mara elfu kadhaa kwa dakika. Nilikuwa naizungusha karibu kavu. Saab walilijua hilo kwenye magari yao ya mipigo miwili, ndiyo maana waliyawekea kifaa cha kuachia injini izunguke polepole gari likiteremka. Pikipiki yako haina kifaa hicho. Wewe ndiye kifaa. Kwenye mteremko mrefu bana klachi, au kila baada ya muda mfupi fungua akseleta kidogo, injini inywe. Wafundisheni wageni jambo hili siku ya kwanza, kabla ya kuwafundisha kuruka.

Springi na shokapu sitakaa sana, ni hotuba ya siku nyingine. Pima mambo mawili tu. Ukikaa juu yake na nguo zako zote za safari, nyuma ishuke karibu theluthi ya umbali wote ambao shokapu inaweza kuiruhusu ishuke. Ikiwa ina milimita 300, ishuke karibu 100. Kama haifiki au inapita mbali, springi si ya uzito wako, na kuikaza hakutasaidia. Na isiwe ngumu. Pikipiki nyepesi yenye springi ngumu inarushwa na kila jiwe, na gurudumu lililo hewani halisukumi kitu. Tairi la nyuma chukua la rimu ya inchi 18, lina shavu nene la kukumbatia mawe kuliko la 19, na upepo uwe mdogo kadiri tyubu yako inavyovumilia. Wengi wetu tuko kwenye psi 12 hivi.

Na silensa, ndugu zangu! Pamba yake ikiungua, ibadilishe. Wekeni kizuizi cha cheche, msitu mkavu hauna mzaha. Njia hupotea kwa kelele kuliko kwa kitu kingine. Anayeishi kando ya njia hajui injini yako ina gia ngapi, anajua tu kwamba mtoto ameamshwa. Mimi nimezunguka na pikipiki yenye sauti ya chini kwa miaka, watu wananipungia mkono. Sijawahi kukosa nguvu kwa sababu ya ukimya.

Ukimaliza kuunda, usiondoke nayo. Iwashe, iache ipate joto hadi silinda ikatae kiganja, izime. Iache ipoe kabisa, hata kama roho inakuchoma. Fanya hivyo mara tatu. Pistoni inatanuka haraka kuliko silinda, na injini iliyowashwa baridi ikakimbizwa papo hapo hukwaruzika pande zote nne. Baada ya kupoa mara ya mwisho, kaza nati za hedi kwa spana ya kipimo, kwa mpangilio wa msalaba. Kisha saa ya kwanza, panda na ushuke na akseleta, usikae mahali pamoja.

Yangu iko pale nje, chini ya mti, haijaoshwa. Atakaye kuizungusha kwa mkia na azungushe. Nami nitakuwa pale hadi jua lizame. Mwenye swali la kabureta, nakuomba, aje na plagi yake mkononi.